Lipia Jumamosi, usilipie kitini

Nimemaliza darasa la Jumamosi la kutunga tungo fupi, na haya ni maoni yangu juu yake na juu ya kitini chake, yaani karatasi za somo. Najua watakaosema fundi baiskeli na ushairi wapi na wapi, kwa hiyo nianze na kazi yangu. Tanga ni mji wa baiskeli. Simama asubuhi kwenye kona yoyote ya barabara za namba pale Ngamiani, utahesabu mpaka uchoke: ya maziwa, ya mkaa, ya mikate, ya mwanafunzi aliyechelewa, ya mzee arudiye msikitini. Karibu zote zina madigadi ya nyuma, na chini ya madigadi kinaning'inia kipande cha mpira cha kuzuia matope. Hapo ndipo wateja wangu hupenda kuandikiwa neno. Natumia rangi ya mafuta na brashi nyembamba, natoza shilingi 3,000 kwa mistari miwili. Haizidi miwili, maana kipande chenyewe upana wake ni kiganja na nusu, na anayekisoma yuko nyuma yako anakanyaga pedali.

Miaka yote niliandika methali zilezile anazoandika kila fundi. Siku moja muuza maziwa akanitazama nikichovya brashi, akasema, "Fundi, hilo ninalo tayari kwenye kanga ya mke wangu. Nipe langu peke yangu." Nikajaribu kumtungia. Nilichotoa ni hiki, na nakiweka hapa bila haya:

Wewe unayepita mbio, mimi ninakuja polepole
Usiwe na haraka sana, utafika tu kulekule

Akakisoma mara mbili, akacheka kwa adabu, akaniambia niache kwanza. Alisema kinachechemea kama gurudumu lililopinda ringi. Alikuwa na haki, na mimi kupinda ringi nakujua.

Watu wa nje hudhani kwa kuwa Shaaban Robert alizaliwa hapa jirani, Vibambani, Machui, mwaka 1909, basi kila mwenyeji wa Tanga huzaliwa na mizani, ile hesabu ya silabi, mdomoni. Sivyo. Mimi nilikuwa najua kwamba shairi lina vina, basi. Kwa hiyo nilipoona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka, "Darasa la tungo fupi zenye vina, kwa visawe na vinyume, Jumamosi sita, baada ya alasiri", nilijiandikisha. Ada ni 2,500 kwa siku, au 12,000 ukilipa zote sita kwa mkupuo. Nililipa kwa mkupuo, nikajuta Jumamosi ya kwanza hadi saa kumi na moja kasorobo. Hapo ndipo mwalimu alipotokea.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, niimalize. "Baada ya alasiri" ya mzee huyu ni pana. Ukifika saa kumi utakaa kwenye benchi pungufu la mguu, utakunywa kahawa (vikombe na kashata unalipa mwenyewe), utajua habari za mtaa mzima. Mimi tangu wiki ya pili nilikuwa nafika na tyubu mbili tatu za kuziba viraka nikisubiri.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jina simtaji, aliniomba: "Jina langu lisitembee bila mimi." Darasa ni baraza ya nyumba yake. Tulikuwa tisa: wanafunzi watatu wa kidato cha pili, kijana anayechapa kadi za harusi, dada mchuuzi wa dagaa kule Deep Sea, dereva wa bajaji, msoma kaswida mmoja, bibi mmoja mtu mzima sana, na mimi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike yote haya. Mzee hafundishi kwa ubao wa chaki. Anafundisha kwa bao, bao hilihili la kete linalochezwa vibarazani. Aliliweka katikati yetu, akatuuliza lina mashimo mangapi. Wote tukajibu, safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Akasema, "Basi mnaujua ushairi, ila hamjaambiwa." Kila silabi ni kete moja. Nusu ya kwanza ya mstari, ukwapi, inajaza safu moja: nane. Nusu ya pili, utao, inajaza safu inayofuata: nane. Hapo mshororo mmoja umekamilika na upande wa mchezaji mmoja umejaa. Mshororo wa pili unajaza upande wa mwenzake. Kwa hiyo ubeti wa mistari miwili, ule ninaoutaka mimi kwenye madigadi, unajaza bao zima bila shimo kubaki. Na ukitunga wa mistari minne unamaliza kete zote 64 za mchezo. Nimecheza bao tangu nikiwa mtoto wala sijawahi kuliona hivyo. Dereva wa bajaji aliguna, "Kumbe!"

Kwenye shimo la mwisho la kila safu haweki kete, anaweka simbi nyeupe, kombe dogo la pwani. Hiyo simbi ni kina. Simbi za safu za kwanza lazima zilie mlio mmoja, na za safu za pili mlio wao mmoja. Ukikosea, hakukaripii. Anakurudishia kete mkononi, unaanza kupanda upya huku wenzako wanakutazama, na hiyo inatosha.

Zoezi la kwanza alilichukua kwenye midomo ya watu. Kila mtu anaujua usemi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Akatuambia kwanza tutafute kinyume humo ndani. Waja, waondoka. Kumbe mji mzima unatamba kwa vinyume na hatujui. Halafu tupande kete: wa-ja-le-o-wa-o-ndo-ka-le-o. Kumi. Mbili zimemwagika nje ya bao. Tupunguze nini? Wale wa kidato cha pili wakaanza kukatakata maneno. Bibi, aliyekuwa kimya tangu alipofika, akanyoosha mkono akaziokota zile kete mbili za mwisho. "Leo moja inatosha," akasema. Waja leo, waondoka. Nane kamili.

Tukapewa wiki nzima kukamilisha ubeti. Wengi tulileta mambo ya mji, minazi na bahari. Bibi alileta huu, na ilitokea kwamba ana mjukuu Dar es Salaam ambaye huja Idi asubuhi na kurudi jioni:

Waja leo, waondoka, kitako hujakikaa
Jasho halijakauka, mkoba umeutwaa

Mzee aliupanda kwenye bao taratibu. Kila kete ikapata shimo. Mmoja wa wanafunzi akauliza mkoba si ni silabi mbili tu, ko na ba? Akajibiwa: m-ko-ba. M inayosimama kwa miguu yake ina kete yake. Mtu ni kete mbili, nchi ni mbili, mbwa ni mbili. Lakini mbuzi nayo ni mbili, mbu-zi, kwa sababu m yake imebebwa na b, haikusimama peke yake. Kijana wa kadi alikuwa na programu ya kutunga kwenye simu, akatuonyesha inavyohesabu mtu kuwa silabi moja. Simu ikarudishwa mfukoni mpaka mwisho wa darasa. Nililifurahia hilo kuliko inavyonipasa.

Visawe vilichukua Jumamosi mbili, na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Mimi nilidhani kisawe ni neno la akiba tu, kama spoki ya akiba: moja imekatika, unatia nyingine. Mzee akatupa mshororo wenye pengo. Yamebaki mashimo matatu, unataka kumtaja rafiki. Rafiki inaingia, ra-fi-ki. Yakibaki mawili? Mwenza. Ukihitaji kina cha ni? Mwandani. Ukihitaji bu? Sahibu. Binadamu hula mashimo manne, mja mawili. Moyo mawili, mtima matatu. Tukawa tunarushiana maneno kama watoto wa mdako, dada wa dagaa akiongoza, maana ana maneno ya kike ya zamani ambayo mimi nilikuwa nayasikia kwenye taarabu tu.

Halafu akatuvunja mbavu na kutufunga midomo siku hiyohiyo. Kijana wa kadi alikuwa na mteja anayetaka ubeti wa kumshukuru mama mzazi kwenye send-off. Alihitaji kina cha ba. Akaandika kwa fahari "naenzi yako mahaba". Bibi akajifunika mdomo na ushungi. Kijana hakuelewa: mahaba, mapenzi, upendo, si visawe? Na vyote vina kete tatu! Mzee akamweleza kwa upole kwamba mahaba yana chumba chake na mama hakai chumba hicho. "Kina kimekununua, mwanangu. Badilisha mstari mwenzake, usimwaibishe mama wa watu." Wakakaa naye nusu saa wakahamisha kina chote kwenda ndo, ili upendo upate pa kukaa. Dada wa dagaa naye alileta ubeti wenye samaki waliofariki. "Samaki hafariki, dada. Samaki anakufa." Tangu siku hiyo kila akipita kwenye karakana yangu ananiambia ana dagaa waliofariki jana, bei nafuu.

Kwangu mimi hilo lilikuwa somo la nati. Kuna nati mbili ukiziweka kiganjani huzitofautishi, ukubwa mmoja, zinaingia spana moja. Ukiifunga isiyo yake inazunguka mara mbili tatu, unadhani imekubali, kisha inakula hesi, ile mikato ya mzunguko inayoshika nati. Nilimwambia mzee hivyo. Akaomba ruhusa ya kuutumia mfano huo kwa darasa lijalo, basi mkiusikia huko mjue ulikotoka.

Vinyume navyo vina siri yao, nayo imo katika kitenzi chenyewe. Mzee anaiita kwa jina lake la sarufi, kauli ya kutendua: funga na fungua, tega na tegua, nasa na nasua, anika na anua, pakia na pakua. Faida yake kwa mtunzi ni kwamba vinyume vingi vya namna hiyo vinaishia ua. Ukivipeleka mwisho wa mstari vina vinakuja vyenyewe, hukuvitafuta. Akaonya lakini kwamba si kila ua inatendua. Chagua si kinyume cha chaga. Mwanafunzi mmoja akaandika nunua ni kinyume cha nuna. Kabla mzee hajafungua kinywa, dada wa dagaa akasema, "Nyumbani kwangu ni kweli kabisa. Akinunua, sinuni." Mzee alicheka mpaka akatafuta leso.

Hapo nikapata la kwangu. Wasiofanya kazi hii hawajui kwamba pedali ya kushoto hesi yake imekatwa kinyume. Ya kulia unaikaza kwa kuzungusha kulia, ya kushoto unaikaza kwa kuzungusha kushoto. Kila mwezi naletewa baiskeli ambayo mwenyewe alijifanya fundi, akakaza kwa nguvu akidhani anafungua. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, nikatoka na ubeti ambao sasa umepakwa kwenye kibao cha karakana:

Ulichofunga kwa nguvu, taratibu nafungua
Kilonaswa kwa ubovu, kwa mafuta nanasua

Mzee alinibishia kidogo: kinyume cha nguvu ni udhaifu, si taratibu. Nikamwambia kwenye karakana sivyo, kwetu kinyume cha nguvu ni taratibu, aliyetumia nguvu ndiye aliyevunja. Akakubali. Napenda mwalimu anayekubali.

Lakini tulishindwana kwenye pancha. Nilikuwa na ubeti wenye neno hilo na yeye akalitoa, akaweka tundu. Kete ni zilezile mbili, anasema, na tundu ni letu. Sikatai ni letu, ila mteja akija kwangu akaniambia tairi lina tundu nitaangalia nyuma kama amekuja na kuku. Pancha ndivyo watu wasemavyo kuanzia Chumbageni mpaka Makorora, wazee kwa vijana. Mzee ana ugonjwa huo, kila neno lisilonukia karafuu analipa jina la mgeni. Kwa anayetaka kutungia jarida sawa, kwa anayetaka kutungia madigadi inabidi umsikilize kwa sikio moja. Ubeti wangu niliurudishia pancha yake nilipofika nyumbani.

Kitini sasa. Wiki ya pili kijana mmoja wa nyumbani kwake alipitisha kitini cha visawe na vinyume, fotokopi ya kurasa 14, shilingi 4,000. Nilinunua kwa aibu, maana kila mtu alinunua. Msinunue. Kwanza nusu ya kurasa haisomeki, wino umefifia kama kanga iliyofuliwa miaka mitatu. Pili, ukwapi na utao vimebadilishana nafasi, wakati mzee mwenyewe anafundisha sawa. Upendo na mahaba vimepangwa pamoja bila neno la tahadhari, kufa na kufariki vivyo hivyo, yaani yaleyale aliyotukanya kwa mdomo. Inaonekana aliyekitengeneza hakuhudhuria darasa. Ila kosa lake kubwa ni mpangilio: maneno yamefuata alfabeti. Mtunzi hatafuti neno kwa herufi yake ya kwanza! Anatafuta kwa silabi ya mwisho na kwa idadi ya kete. Mimi nimejitengenezea daftari la shilingi 700, ukurasa mmoja wa aa, mmoja wa ua, mmoja wa ka, na ndani yake nimetenga ya kete mbili, tatu, nne. Dagaa iko kwenye aa, kete tatu. Hiyo niliipata kwa dada yule, siku tulipopewa kujaa na kupwa kuwa vinyume vya zoezi. Sisi wengine tulihangaika na kina cha pwa, yeye akaja na huu:

Maji hujaa na kupwa, sijione umejaa
Leo wewe waogopwa, kesho waomba dagaa

Hakusema kamtungia nani. Alitaka niuandike kwenye baiskeli ya mumewe. Niliuandika, nikamtoza nusu bei, na sijamwona mume tangu hapo.

Jumamosi ya mwisho kila mtu alileta kazi yake mbovu ya zamani aikarabati. Nilitoa ule wa muuza maziwa. Mzee akaupanda: "wewe unayepita mbio" ni tisa, "mimi ninakuja polepole" kumi. Kete zikamwagika sakafuni kweli. Hakugusa maana yake hata kidogo. Unayepita akaifanya upitae, ninakuja ikawa naja, wewe akaigeuza weye, ambayo ni kete zilezile mbili ila akasema inakaa vizuri mdomoni mwa mtu wa Tanga. Mstari wa pili akaniachia: "Simbi ya kwanza ni o. Sana itakupeleka wapi?" Nilipitia daftari langu, kule kwenye o, nikakuta mafikio. Haraka nilikuwa nayo tayari, nayo ni kisawe cha mbio kwa hapo, na mbio imekabiliana na polepole. Ukatoka hivi:

Weye upitae mbio, mimi naja polepole
Haraka si mafikio, tutafika kulekule

Bao likajaa. Mzee akaondoa simbi moja akanipa, nimeitoboa, iko kwenye ufunguo wa duka.

Basi darasa nalipa nyota nne, kitini nyota moja na hiyo ni kwa sababu karatasi ya nyuma iko wazi nikaiandikia madeni. Ukienda lipia siku moja kwanza, chukua penseli yenye kifutio na chenji ya kahawa, ukae upande wa kulia wa benchi. Mwanamke mwenye aibu asiogope kuchanganyika, bibi alikuwa ndiye nyota wetu.

Muuza maziwa nilimpakia ubeti wake mpya jioni ileile. Alifurahi, akaongeza 1,000 bila kuombwa. Wiki iliyopita amerudi anaisukuma baiskeli kwa mkono: alikuwa anakimbizana na bajaji, akaingia kwenye mtaro. Ringi ya mbele imepinda, spoki sita zimekatika, madumu mawili ya maziwa yamemwagika. Nikainama kutazama nyuma. Polepole ilikuwa haijachubuka hata herufi moja.